Waya wa Nguo na Mitalawanda ya Mama

Mimi ni mtu wa shaka. Kule bandarini Kipevu nilikuwa karani wa kuhakiki makontena, na karani anayeamini kila anachoambiwa hakawii kufukuzwa. Tatizo ni kwamba jioni nilirudi nyumbani Kisauni na macho yale yale, nikawatazama nayo watu wangu.

Miaka ya themanini ilikuwa ukingoni, nasi tulikuwa watatu: mama yangu, mke wangu na mimi. Ramadhani ilipokaribia, mama alitaka taa jikoni kwake, kibanda cha mabati kilichoshikana na nyumba kule uani, apike futari bila kupapasa. Sikuita fundi. Nilinunua ule waya mwembamba mweupe wa ndani ya nyumba, nikauchomeka kwenye soketi ya chumbani, nikautoa dirishani na kuupitisha chini ya ukingo wa mabati hadi jikoni. Nikaupigilia misumari usije ukaning'inia. Taa ikawaka, mama akaniombea dua ndefu, nami nikajiona fundi kweli kweli.

Ukingo huo huo wa mabati ndio uliofungiwa waya wetu wa kuanikia nguo, waya wa chuma uliokwenda hadi kwenye boriti upande wa pili wa ua.

Ramadhani ikapita, taa ikabaki, mvua za masika zikazidi. Siku moja mke wangu akaniambia, "Bwana, ule waya wa nguo waniuma."

"Wakuuma vipi?"

"Nikiushika, waniuma mkono mpaka kwenye kiwiko. Wallahi."

Sikwenda kuutazama waya. Nilikwenda kumuuliza mama.

Mama alikuwa na mitalawanda yake, viatu vya mbao alivyovivaa uani asubuhi hadi jioni ili asikanyage maji. Akaenda navyo, ko, ko, ko, akaushika waya kwa kiganja kizima. "Mbona mimi hauniumi?" akauliza. Nami nikaushika, nimevaa viatu vyangu vya kazi vyenye soli nene za mpira. Hakuna kitu. Mke wangu alikuwa amesimama peku juu ya saruji, mapovu ya sabuni yamemfika vifundoni. Alitutazama sote wawili, akarudi kwenye beseni lake.

Baadaye mama akaninong'oneza, "Mwanangu, fungua macho. Mkeo ataka kwenda kwao Shika Adabu, ng'ambo ya feri, atafuta njia." Mama mkwe wangu alikuwa mgonjwa, na mara mbili nilikuwa nimemwambia mke wangu asubiri kwanza. Basi maneno hayo yakaniingia, yakakaa.

Nikaanza kumpeleleza. Siku zangu za mapumziko nilikaa dirishani na gazeti nisilolisoma. Nilimwona akizirusha nguo juu ya waya kutoka mbali, na nyingine zikianguka topeni, kisha anazifua upya. Mama akafyonya. Mimi nikasema moyoni, huyu anatuonyesha kuwa amechoka nasi.

Kisha nikaanza kuikuta plagi sakafuni. Naichomeka, siku ya pili naikuta imeng'olewa tena. Nikamwita.

"Abee."

"Nani ang'oa plagi ya taa ya mama?"

"Ni mimi. Nikiing'oa, waya wa nguo hauumi. Ikiwapo, huuma."

Nilicheka, kicheko kibaya. Nikamwambia plagi iko chumbani na nguo ziko uani, zimejuana wapi? Ilinibainikia, au ndivyo nilivyodhani, kwamba sasa ameamua kumnyima mama mwanga. Nilikasirika hata chakula kikanishinda.

Ijumaa moja nilikuwa na ruhusa kazini. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nikaikuta plagi sakafuni, nikaichomeka na kuikandamiza kwa kidole gumba, huku nikijisemea leo tutaona. Nikatoka uani, nikavua viatu, nikatia udhu bombani. Miguu ikiwa peku kwenye saruji, mikono ikidondoka maji, nikaunyosha mkono nichukue kanzu yangu wayani.

Vidole vilifumba vyenyewe, vikakataa kufunguka. Meno yaligongana. Nilimwona mama akinikimbilia, na mke wangu akimzuia kwa bega. "Mama, usimguse!" Akakimbilia ndani. Mara waya ukaniachia, nikaanguka chali. Nilipofungua macho mke wangu alikuwa amesimama dirishani, ameishika plagi kwa mikono yote miwili.

Fundi alikuja alasiri ile ile, na kuona kosa hakukuchukua muda. Msumari wangu mmoja ulikuwa umeutoboa waya wa taa na kugusa mabati, na mabati yakaupa stima waya wa nguo. Alisema waya kama ule haukustahili kutoka nje, seuze kunyeshewa. Kisha akavitazama viatu vyangu, akaitazama mitalawanda ya mama, akasema ndivyo vilivyotukinga sote wawili. Akauliza mwenye kufua alikuwa akivaa nini. Mama aliinama akawa anafungua ushungi na kuufunga tena.

Tulifunga kamba ya katani.

Mkono wangu ulikuwa bado na ganzi nilipomkuta mke wangu chumbani akikunja nguo. Kanzu yangu ilikuwa kitandani. Nguo zake zilikuwa zikiingia mkobani. Nikamuuliza swali ambalo mpaka leo naona haya nalo: "Mbona hukuniambia kwamba jambo lenyewe ni zito hivi?"

Hakuinua kichwa. "Nilikwambia, bwana. Ukaenda kumuuliza mama."

Asubuhi nilimbebea mkoba hadi feri. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuuliza, lakini siku ile nilimkabidhi mkoba wake na sikuthubutu kumuuliza atarudi lini.