Vishungi Ndani ya Biblia ya Kaka

Wasifu wa kaka yangu ulioletwa na kiwanda ulikuwa na mistari sita, na wa tano ulikuwa uongo. Aliuleta msimamizi wake wa zamani, yule ambaye wafanyakazi wote humwita Bwana Kasi, asubuhi ya maziko, pamoja na shada la maua lenye utepe unaong'aa. Huu ninaouandika mimi ni wa kukaa kwenye faili la usharika, karibu na ile barua yao ya kumfukuza kazi. Sikumwomba mtu ruhusa.

Kaka alikuwa kifungua mimba, mimi ni kitinda mimba. Baba alipofariki, yeye aliacha shule ili mimi nimalize kidato cha nne. Aliingia kiwandani akiwa na miaka ishirini, na kwa miaka ishirini na moja alifanya kazi moja tu: kukunja nyuzi. Wenzake walimwita Msusi.

"Msusi, leo umesuka vichwa vingapi?" walikuwa wakimwuliza getini.

"Cha mkeo kimenishinda," anajibu, na geti zima linacheka.

Kazi yenyewe ni hivi. Magogo husagwa na kugeuzwa karatasi nene nyeupe. Karatasi huloweshwa kwenye magadi makali, kisha huchanganywa na dawa ya salfa mpaka ziwe rojo ya rangi ya asali. Rojo husukumwa kwenye matundu madogo kuliko ncha ya sindano, ndani ya bafu la tindikali, nayo inaganda humo na kutoka ikiwa nyuzi zilizonyooka kama nywele za singa. Nyuzi zilizonyooka zinateleza, hazishikani, na blanketi lake ni baridi. Wateja wa kiwanda wanataka zenye mawimbi, kama sufu. Kwa hiyo zinavutwa, zinakatwa vipande vya urefu wa kidole, zinaangushwa kwenye hodhi refu la maji ya moto. Humo hakuna anayezikunja. Zinajikunja zenyewe, kwa sababu kule kwenye tindikali uzi uliota ngozi nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na kwenye joto upande mmoja husinyaa kuliko mwingine.

Hodhi hilo ndilo lilikuwa la kaka. Kila mzigo ulipokuja, alichomoa kishungi kimoja cha nyuzi kabla hakijaingia hodhini, akakitia kwenye kikombe chake cha bati chenye maji moto, akakiweka juu ya ukucha wa dole gumba na kuhesabu mawimbi. Kumi na mawili, sawa. Yakiwa chini ya manane, anapiga kengele ili mashine isimame. Kishungi cha pili cha mzigo uleule alikisuuza kwa maji baridi, kisijikunje, akakitia mfukoni na kuja nacho nyumbani. Alivibana vishungi hivyo ndani ya Biblia yake na kuandika tarehe pembeni kwa penseli. Kurasa zikawa na madoa ya manjano, nyingine zimeliwa na tindikali mpaka zimetoboka.

"Unatoboa Neno la Mungu," wifi alikuwa akilalamika.

"Lina nafasi ya kutosha, mama watoto. Mimi naweka alama niliposomea."

Katika mwaka wa kumi na nane alianza kushindwa kufunga vifungo vya shati. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kisha akawa anayumba, akitembea ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Kisha hasira. Yeye aliyekuwa mpole mpaka watoto wa jirani wanampanda mgongoni, akavunja redio kwa sababu ilikuwa inasema. Na harufu. Alinuka kitu mfano wa kabichi iliyooza, nguo zake, ngozi yake, pumzi yake.

Mtu anayeyumba, anayegomba, anayenuka. Mnajua nilifikiri nini. Alipokuja kwangu nilimsimamisha mlangoni.

"Kaka, hebu nipumulie."

"Nikupumulie?"

"Puuu. Hivyo."

Alinipumulia. Mtu mzima, mwenye mvi, aliyenilipia sare za shule, amesimama mlangoni kwangu ananipumulia usoni kama gari linalopimwa moshi. Nikamwambia kama ananuka vile aende akanukie kwake.

Ndipo ikaja siku ya zile nyuzi. Mzigo wa zamu nzima ulitoka umenyooka, ukafungwa kwenye marobota, ukarudishwa na mteja. Kiwanda kikamwandikia kaka barua, ikitaja tarehe ya zamu ile: amefukuzwa kwa sababu alikuwa amelewa na alisahau kufungua mvuke wa hodhi, nyuzi zikapita kwenye maji baridi. Nakala ikapelekwa kwenye usharika wetu, kwa kuwa yeye alikuwa sauti ya besi kwenye kwaya na kiwanda kilitaka kujionyesha kina maadili. Wazee wa kanisa wakaketi. Wakaniita. Wakaniuliza kama ni kweli ndugu yangu ananuka pombe.

Nilisema ndiyo. Maandishi yapo, na sahihi yangu iko chini.

Wakamtenga mpaka atubu hadharani. Yeye akawaambia, "Nitubu pombe ambayo sijaionja? Huo ndio utakuwa uongo wangu wa kwanza mbele ya madhabahu." Basi hakuingia tena. Miaka mitatu alikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la tatu, akiimba besi yake kupitia dirishani. Kwaya ilimsikia. Ninyi nyote mlimsikia. Hakuna aliyefungua mlango.

Mimi aliniambia mara moja, wakati ule ule barua ilipokuja. "Mvuke ulikuwa wazi. Nilipima kishungi nikaona hakuna hata wimbi moja, nikapiga kengele. Kasi akaja mbio, 'Msusi, acha kelele zako, maabara wameshakubali.' Walikuwa wameongeza tindikali ili mashine ikimbie. Tindikali ikizidi, ngozi ya uzi inakuwa nene pande zote. Uzi wa namna hiyo hata uuchemshe na maharage haujikunji."

Nikamjibu, "Walevi wote wana hadithi nzuri, kaka."

Alinitazama, akachukua kofia yake.

Mwaka huu alianguka uani. Hospitalini, daktari, mwanamke wa umri wangu, hakuuliza anakunywa nini. Aliuliza alifanya kazi gani. Nilipomweleza akaweka kalamu chini. "Ananuka kabichi iliyooza?" akauliza. Nikaitikia. "Hiyo ni ile dawa ya salfa. Inaingia kwa pumzi, inakula mishipa ya fahamu. Mgonjwa anayumba na kukasirika kama mlevi. Dada, alikaa nayo muda gani?" Nikamwomba aandike hivyo kwenye karatasi. Akasema, kwa upole, kwamba hawezi kuandika asichokipima, na kwamba damu ya leo haiwezi kusimulia ya miaka mitatu iliyopita. Siku ya nne kaka alifariki. Sikuwahi kumwomba msamaha. Kila nilipofungua kinywa alikuwa amelala, au nilijiambia amelala.

Mchungaji alikuja na utaratibu: aliyefariki akiwa ametengwa haingizwi kanisani. Atazikwa kutoka nyumbani, bila kwaya, bila kengele. Ombi la wifi lilikuwa moja tu, aingie kwa mlango. Mchungaji akasema, "Mama, mkononi nina barua ya kiwanda na ushahidi wa dada yake wa damu. Nifanyeje?" Wifi alinigeukia. Sitaandika alichoniambia. Kilikuwa haki yangu.

Jioni ile tulikuwa jikoni tunaosha vikombe vya wageni, hatusemezani. Wifi alichukua Biblia ya kaka rafuni ili nichague somo. Nilipoifungua, kishungi kimoja kilidondoka kwenye beseni la maji ya moto.

"Na hayo manyoya yake, yatupe!" wifi akasema.

Sikuyatupa. Kishungi kilichokuwa kimenyooka kilitikisika majini kama kitu kinachoamka, kikajikusanya, kikajikunja mawimbi kwa mawimbi mpaka kikawa kama kipilipili cha nywele za mtoto mchanga. Nilihesabu kwenye ukucha. Kumi na mawili. Kilikuwa cha miaka saba iliyopita.

Ndipo nilipoelewa kile nilichokataa kusikia. Kama hodhi lilikuwa baridi siku ile, nyuzi zilikuwa nzima, mawimbi yamo ndani, yanangoja maji moto tu. Lakini kama tindikali ndiyo iliyozidi, basi hata leo hazitajikunja. Nilifungua kurasa zote. Kishungi cha tarehe iliyotajwa kwenye barua kilikuwa katikati ya Zaburi. Wifi alitaka tukijaribu palepale. Nikamkatalia. Kilikuwa kimoja tu.

Asubuhi walikuwa wote uani: mchungaji, wazee wawili, majirani, watu wa kiwanda. Bwana Kasi alikuwa ameshika shada na karatasi yake. Mstari wa tano ulisema, "Licha ya udhaifu wake wa kibinadamu uliojulikana, kiwanda kimemsamehe."

"Umemsamehe?" nikamwuliza. "Wewe?"

"Dada, leo ni siku ya msiba. Tusichafue hewa."

"Hewa mlishaichafua miaka ishirini. Wifi, lete beseni."

Beseni likaja linafuka. Nikamwonyesha mchungaji tarehe iliyoandikwa kwa penseli, na tarehe ya zamu iliyotajwa kwenye barua. Akazilinganisha, akawapa wazee. Kwanza nikatia vishungi vitatu vya siku nyingine. Vikajikunja, watu wakaguna. Kisha nikatia kile cha siku ile.

Kilielea, kimenyooka. Tulikitazama mpaka mvuke ukapungua. Wifi akaongeza maji yanayochemka kutoka kwenye sufuria. Hakikujikunja hata ncha.

"Maji ya beseni si maabara," Bwana Kasi akasema. "Mtu anaweza kuokota nyuzi popote."

"Si maabara, lakini ni maji," akajibu fundi mvuke kutoka nyuma, mzee mnene aliyefanya kazi na kaka hodhi kwa hodhi. "Na mvuke wa siku ile niliufungua mimi, kwa mkono huu. Nilikuwepo alipopiga kengele. Ulimwambia aache kelele."

"Fundi, wewe bado una kazi kwetu."

"Ninayo mpaka Jumatatu, kwa jinsi unavyonitazama."

Watu walicheka, na mimi nilichukizwa na kicheko hicho. Nikamwuliza fundi mvuke alikuwa wapi miaka mitatu. Akainamisha kichwa, akasema ana watoto. Kaka naye alikuwa nao. Sikumwambia ahsante, wala sijamwambia hadi leo.

Mchungaji akanitazama mimi, si Bwana Kasi. "Ushahidi wako, dada?"

"Ulikuwa wa uongo," nikasema, mbele ya jeneza. "Nilimnusa nikajifanya najua. Hakuwahi kunywa. Mimi ndiye wa kutengwa."

Mchungaji akafunga Biblia polepole ili vishungi visidondoke. "Aingizwe kanisani," akasema. "Kwa mlango mkubwa. Na kengele ipigwe."

Bwana Kasi aliacha shada kwenye kiti. Nilimfuata nalo mpaka kwenye gari, nikaliweka juu ya boneti. Akasema nina moyo mgumu kwa mtu wa kanisa. Huenda.

Kaka aliingia kwa mlango mkubwa saa nne na nusu, amebebwa na wanaume sita, na kwaya iliimba ikiwa na pengo la besi ambalo hakuna aliyejaribu kuliziba. Wazee wakafuta kutengwa kwake siku hiyo hiyo. Kiwanda hakijafuta barua yake. Hodhi lake sasa lina mtu mwingine, na nimesikia tayari ananuka.

Niliomba nitengwe. Wazee wakakataa, wakasema nimeungama, inatosha. Basi Jumapili nakaa nje, kwenye benchi lile, chini ya dirisha la tatu, bila kulazimishwa na mtu. Naimba, nasali na wenzangu walio ndani. Kwenye Sala ya Bwana, tunapofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, wao wanaendelea, mimi nanyamaza. Namwambia Mungu ukweli, kwamba hapo sijafika. Kisha nawasubiri mbele kidogo, kwenye mstari unaofuata.