Boksi la Shujaa Aliyeinua Mkono

Shemeji yangu, mume wa dada, anaitwa Milimita. Jina alijipa mwenyewe, kwa hiyo msimhurumie. Anatengeneza maboksi ya midoli ya mashujaa, ile ya plastiki ambayo watu wazima wenye ndevu wanaikusanya na kuipanga kabatini isiguswe hata na pumzi. Meza ya chakula kaigeuza karakana: kadibodi, visu, gundi, printa inayokohoa. Dada na watoto wanakula sahani zikiwa mapajani, mwaka wa tatu huu, kwa sababu bwana mkubwa anapima.

Nakubali, mkono anao. Dirisha la plastiki safi, mikunjo kama imepigwa pasi. Ila ana imani moja ya kijinga, eti boksi zuri halifunguliwi. Mkusanyaji akifungua si mkusanyaji, anatuhubiria, kana kwamba kuna aliyeuliza.

Basi akaja mama mmoja, muuguzi mstaafu, na mdoli wa shujaa mwenye joho jekundu lililopauka, mkono wa kulia umenyooka juu. Mdoli ulikuwa wa mdogo wake, marehemu. Akataka boksi la kuutunzia, na akasisitiza mdoli wenyewe usibadilishwe kitu. Milimita akaitikia bila kusikiliza, kama kawaida yake, akapima kuanzia kisigino hadi utosi. Mkono hakuupima. Ndiye mtu wa milimita huyo.

Boksi likaisha, linang'aa. Shujaa akaingia hadi kwenye kiwiko, akagoma. Dada akamwambia akate jingine, si kadibodi tu? Wapi. Hili lilikuwa limetoka zuri mno. Akachukua draya ya nywele ya dada, akalipasha bega moto ili mkono ushuke. Plastiki ya miaka thelathini haibembelezwi. Ikalia tak.

Unadhani alikiri? Aliubandika mkono ubavuni kwa tone la gundi, akaukaza kwa vijiwaya, akaziba boksi. Dada akamuuliza mama wa watu ataambiwa nini.

"Atajuaje? Hakuna anayefungua."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya shemeji ilikuwa fupi kama ukucha. Nilikuwepo mama alipokuja. Akalisifu boksi, akalizungusha, kisha akapenyeza ukucha chini ya kifuniko akalifungua, hivi hivi, kama mtu anayefungua sabuni. Milimita akaruka kumzuia, eti thamani itashuka. Mama akashangaa. Mdoli huo anaushika kila asubuhi kabla ya chai. Boksi alitaka la kuzuia vumbi tu. Akauvuta. Mkono ukabaki kwenye waya.

Hakupiga kelele. Mimi ningependa apige.

"Huu mkono aliuinua mdogo wangu, mwanangu," alisema. "Kitandani, wiki ile ya mwisho. Hakuna aliyeushusha tangu siku hiyo."

Shemeji akaanza hadithi za uzee wa plastiki. Dada akamkatiza.

"Mwambie mama ukweli, au nimwambie mimi."

Akausema, macho kwenye rula. Akajitolea kuubandika upya, bure, tena akaunadi na uimara wa gundi yake. Mama akakataa, akaomba mfuko. Shujaa na mkono wake wakatoka mlangoni ndani ya mfuko wa mkate.

Boksi liko juu ya kabati, tupu. Wiki iliyopita nimemkuta akimwonyesha mteja mpya, anapitisha kidole taratibu, anamwambia aitazame hiyo mikunjo.