Joto la Kiwanjani kwa Mjane

Mpaka leo nikiona ramani yenye doa jekundu, damu inanichemka. Kazi yetu ilikuwa kupima joto la ardhini karibu na chemchemi ya maji moto, upande wa Mngeta, chini ya milima. Tunatoboa shimo jembamba, tunateremsha kipimajoto kwa kamba, tunasoma juu, katikati na chini kabisa. Kama joto linatoka ardhini kweli, kadiri unavyoshuka linapanda. Hilo hata mtoto ukimwambia anaelewa.

Kiwanja kimoja kilikuwa cha mama mjane aliyekuwa anajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, yake ya kwanza tangu azaliwe. Kuta zilishafika usawa wa madirisha. Pembeni alikuwa na matuta ya viazi, na bosi wetu akataka shimo papo hapo kwenye matuta. Tukamwamkia, shikamoo mama, marahaba wanangu, tukatoboa. Hatukumuuliza kitu kingine. Ndivyo timu yetu ilivyozoea: unamwamkia mwenye kiwanja, basi, umemaliza naye.

Joto likaja kubwa juu, chini likapungua. Nikamwambia bosi hapa pana kitu, joto la ardhini haliendi hivi.

"Kifaa kimechoka hicho," akasema. "Chukua namba kubwa."

Akaitia kwenye ramani, na kiwanja cha mama kikawa chekundu kuliko chemchemi yenyewe. Wageni waliotupa kazi, waliokuwa wakitafuta joto la ardhini la kuzalishia umeme, wakafurahi. Wiki hiyohiyo ukuta wa mama ukapigwa X: asiendelee kujenga, mashine kubwa inakuja kuchimba.

Nikamfuata mwenyewe. "Mama, hapa kwenye viazi kulikuwa na nini?"

Akanishangaa. "Si tanuru langu? Matofali yote haya nimeyachomea hapo, kwa pumba za mpunga. Pumba hazina haraka, mwanangu. Ziliungua taratibu mpaka nikachoka kusubiri. Nikazoa majivu, nikapanda viazi juzijuzi tu, udongo ungali na joto."

Jamani! Watu wazima, na vifaa vyetu vya gharama, tumepima tanuru la matofali! Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, na sisi tulishindwa kuuliza swali moja.

Nilimkuta bosi yuko na wageni. Nikamwita pembeni, nikamweleza. "Ramani imeshapita," akanong'ona. "Unataka tuaibike?" Hapo nikapayuka. Nikawaambia wageni hilo ni joto la pumba, wasimvunjie mtu nyumba kwa ajili ya pumba. Bosi akacheka, akawaambia nina malaria, nisamehewe. Malaria! Kesho yake nikarudishwa Ifakara.

Nilikuwa kwangu Lipangalala, hapohapo Ifakara, yule mama aliponipigia. Mashine ilikosa njia ya kupita, kwa hiyo waliziangusha kuta zake. Wakachimba, kisha wakafungasha na kuondoka.

"Mwanangu, walilipata hilo joto?"

"Hawakulipata, mama. Halikuwepo."

"Basi waambie waje wanijengee nyumba yangu."

Nikampigia bosi saa ileile. Hakupokea. Nampigia mpaka leo, hapokei, na mama kila akinipigia ananiuliza wanakuja lini.