Kamba Niliyopimia Meza ya Mama Mkwe

Naandika nikiwa bado na hasira, na anayetaka kucheka acheke, lakini kamba ile niliikata mimi mwenyewe, tena nikiwa na akili zangu timamu.

Mwanangu alivunja kwa mwiko kioo cha meza ya sebuleni. Meza ya mama mkwe, ambaye tunaishi kwake Upanga, yenye umbo la duara lililorefushwa (shuleni tuliliita duaradufu). Mwenyewe alikuwa Moshi, anarudi Jumamosi na wageni wa ubatizo, nami sikutaka ajue kabisa, basi nikazungusha kamba ukingoni mwa meza, nikakata, nikafunga fundo, nikaenda nayo Kariakoo kwa fundi vioo.

"Dada, urefu na upana?"

"Kamba hiyo hapo."

"Kamba hii hata duara inatoka."

"Kaka, mimi nimesoma hesabu mpaka kidato cha nne. Mzingo ndio huo, nikatie duaradufu."

"Mkatie, msomi huyo," akasema mteja mmoja (nilidhani ananisifu).

Fundi akaivutavuta kamba mpaka ikapata umbo alilolipenda yeye, akakata. Jumamosi kioo kikaletwa, nakiweka mezani, kwa urefu hakifiki, ubavuni kimejitokeza kiganja kizima kila upande, na wageni hao mlangoni. Nikatandika kitambaa juu, nikapanga chai.

Mzee wa kanisa akaegemeza kiwiko ubavuni. Upande wa pili ukanyanyuka, na vikombe sita vya chai ya maziwa vikateremka, bila haraka, hadi mapajani mwake, maandazi yakifuata.

"Shikamoo," nikamwambia. Nilishamwamkia mara mbili.

Mama mkwe akafunua kitambaa.

"Mama Jonas, kioo changu kiko wapi?"

"Si hiki hapa, mama."

"Hiki kimenenepa."

Maduara yote yanafanana, ukijua mzingo umemaliza. Duaradufu mbili zinaweza kuwa na mzingo ule ule, moja nene, moja nyembamba, na mwalimu alilisema hilo waziwazi wakati mimi namsuka jirani yangu wa dawati.

Kioo hakikuvunjika. Bora kingevunjika. Mama mkwe amekataa kitolewe, kwa hiyo kila mgeni anaambiwa asiegemee, halafu anaelezwa kwa nini, nami nimesimama hapo na birika. Siku hizi hata sinia nalipima urefu na upana. Na Jonas akivunja kitu tena, nitampigia bibi yake simu kabla vipande havijatulia sakafuni.