Siku Kinu Alipokwenda Laini

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi kumeshakucha, sijalewa wala siumwi. Cheka ukitaka, lakini nisikilize kwanza.

Miaka ya tisini nilikuwa polisi wa farasi hapa Kampala, mwanamke peke yangu kikosini. Farasi wangu tulimwita Kinu, maana aliyempanda alitwangwa mpaka meno yakagongana. Haikuwa tabia mbaya, yalikuwa maumbile. Farasi mlaini ana kifundo kirefu juu ya kwato, kimelala kidogo, kinapokea uzito kama springi. Bega lake nalo limelala. Kinu vifundo vyake vilikuwa vifupi, vimesimama kama vigingi, na kila hatua ilipanda moja kwa moja hadi kiunoni mwangu. Ukilegeza mgongo, ukainuka na kuketi kwa kufuata hatua zake, maumivu yanapungua. Lakini mfupa ni mfupa. Utaubadilisha vipi?

Basi, mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nikawa nashuka kutoka Bukoto kuelekea Wandegeya, ukungu umetanda. Kando ya barabara akatokea mzee mmoja mwenye koti la polisi la zamani.

"Afande, mguu inauma. Nipandishe mpaka Wandegeya."

Kinu akarudi nyuma, masikio kayalaza. Mimi nikamwonea huruma mzee wa watu.

"Panda, mzee."

Alipokaa tu nyuma yangu, mtikisiko ukakoma. Niamini! Kinu anakimbia, manyoya ya shingoni yanapepea, nami nimetulia kama niko kitandani. Macho yakawa mazito.

"Umeona?" mzee akaninong'oneza sikioni. "Lala tu, binti. Hakuna kitu itakuuma tena."

Pumzi yake ilikuwa baridi kama ya friji. Hapo nikazinduka. Vifundo vile vimepata wapi ulaini? Nikatega sikio: vyuma vya kwato havigongi lami hata kidogo. Nikavuta hatamu kwa nguvu zote. Ni kama navuta kamba isiyofungwa popote. Ningengoja nini tena? Nikajitupa chini.

Nilisikia mfupa wa mkono ukilia. Papo hapo kwato nazo zikagonga lami, Kinu akasimama anatetemeka, jasho linamchuruzika. Mgongoni hapakuwa na mtu. Na mbele yake, karibu kabisa, barabara haikuwepo. Mafuriko ya usiku yalikuwa yameibeba, limebaki shimo na maji mekundu yananguruma chini.

Pale alipokaa yule mzee, manyoya ya Kinu yaliota meupe na hayakurudia rangi yake. Wenzangu walionicheka walipoyaona wakaacha mzaha. Nilipopona nilipewa farasi mwingine, mpole, mwendo wake siagi. Nikakataa. Nilimpanda Kinu mpaka nilipostaafu, na kila aliponitwanga nilimpapasa shingo.

Kwa hiyo nakwambia wewe unayepanda farasi: akibadilika mwendo ghafla, ukajisikia raha usiyoielewa, usikae kutafuta sababu, wala usione haya watu watasema nini. Jitupe. Mkono ukivunjika unaungwa.