Tonge la Mgeni

Juzi niliona kibao kipya kwenye lango la maghorofa ya Soweto East: "Usilishe tumbili." Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni hapa Kibera, nyumba yetu ikinukia dagaa wa omena.

Mama alizoea kumwekea tonge la ugali mgeni yeyote ambaye Mungu angemleta. Tumbili wa msitu uliopakana nasi alipoanza kuja dirishani, nilimpa tonge hilo kila siku, nikiamini ndiye mgeni huyo. Alasiri ile aliingia ndani, akampokonya mdogo wangu chakula na kumkwaruza karibu na jicho.

"Akoth, nani amemzoesha huyu?" Mama alifoka.

"Mama, si ni mgeni?"

"Mgeni gani asiyepiga hodi!"

Jicho lilipona, namshukuru Mungu. Lakini majirani walipomrushia tumbili mawe, hakukimbilia msituni. Alikimbilia kwangu.