Mama aliyepona Gitega

Mi nikiingia farmasi, hata homa inakimbia. Juzijuzi huko Muyinga, mbali na kwetu Gitega, nilikuwa kwenye laini, na mbele yangu iko mama mmoja wa kanisa letu la mtaa wa Yoba, wa wale waliokulia Tanzania. Mwezi uliopita alishuhudia kwamba Mungu amemponya presha, akavitupa vidonge vyake. Siku ile nilipiga makofi mpaka mabati ya kanisa yakataka kurukia kule Bukirasazi.

Sasa iko anaomba vidonge vya presha, kwa sauti ya chini kama mwizi.

Muuzaji, Muislamu mwenye utani, akasoma karatasi ya daktari. "Mama, umetoka Gitega mpaka hapa juu ya hivi? Kule hakuna farmasi?"

"Zipo. Lakini kule nilishapona."

Akageuka, akaniona. Akafunika vidonge na kitenge. "Kaka, utanisema?"

"Mama, siri kwangu haitoki, mi naficha tembo mzima mfukoni!"

Bon, Jumapili mzee mmoja akasimama kanisani: kwa ushuhuda wa yule mama, na yeye amevitupa vidonge vyake vya presha. Amen ikatikisa Gitega nzima. Mi, mwenye kujua Biblia kuliko walioiandika, nikatafuta mstari wa kumwokoa mzee, nikakosa. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa sandali.

Kumbe yule mama amesimama. "Baba, vinywe. Mimi vyangu nanunua Muyinga. Na bado naomba Mungu."

Mzee peke yake ndiye aliyesema amen. Yangu iko kwenye koo mpaka leo.